Yuko Dunguni

Mimi sina maneno ya kuzunguka, wanaonijua hapa Mlali watakuambia. Dada yangu Penina aliponipata kwa simu nikiwa sokoni, yeye akiwa Nkuhungu, Dodoma mjini, kunieleza kwamba binti yake Yudith anakuja kwangu kupumzika, nilifurahi, lakini si kwa ajili ya mapumziko yake. Nilifurahi kwa ajili ya ndege.

Uwele wangu ulikuwa umeanza kuingia maziwa, na ukifika hapo kweleakwelea wanajua utadhani wametumiwa meseji. Wanakuja asubuhi na jioni, kundi zima, wakitua unaona masuke yameinama, wakiruka umebaki na mabua. Shamba lile ndilo chakula chetu cha mwaka, mimi na mume wangu Lameck. Lameck anashinda na ng'ombe, na mimi goti langu la kulia lilikuwa limegoma kupanda dungu, ule ulingo wa miti tunaokaa juu yake kuamia ndege. Sasa kijana mzima anakuja kukaa bure nyumbani kwangu, nimwache akae bure kwa nini?

Nikamuuliza Penina mtoto anaumwa nini. Akasema uchovu, daktari amesema apumzike. Nikamuuliza kama ana homa, akasema hana. Malaria wamepima, hana. Nikamuuliza kama basi ni mimba, Penina akanikatia simu.

Alipopiga tena alinieleza vizuri. Yudith ameajiriwa kwenye kampuni moja ya usafirishaji pale mjini, anaandika kwenye kompyuta mizigo inayoingia na inayotoka. Siku moja walinzi walimkuta ameketi kwenye ngazi za ofisi, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, hajui kama alikuwa anavaa au anavua. Walipomwuliza jina lake akalia. Bosi wake si mtu mbaya, alimpa likizo yake yote kwa mkupuo, ila alimwambia wazi kwamba akirudi awe amerudi kweli, kwa sababu makosa yake kwenye mizigo yalishafika kwa wakubwa. Na nyumba nzima ya Nkuhungu inakula kwa mkono wa Yudith. Asipopona, kazi imekwenda, na kazi ikienda, Penina na kisukari chake watamtazama nani? Hapo nikaacha masihara.

Alifika mchana, amekonda, shingo imemtoka kama ya kuku wa kideri. Begi la nguo dogo, begi la laptopu kubwa, simu mbili mkononi. Akapiga goti, shikamoo mama mdogo, nikaitikia marahaba mwanangu, na kabla sijamwonyesha pa kulala alishauliza ndoo ya maji iko wapi.

Huyu mtoto ndiye mzaliwa wa kwanza, na baba yao alipofariki mizigo yote ilihamia kichwani kwake bila mtu kumwuliza. Mama yake kliniki, ni yeye. Mdogo wake Abeli yuko chuo, ada ni yeye, na hata Abeli akipoteza kitambulisho anayesumbuka ni yeye. Jioni anasoma diploma. Kwaya imemfanya katibu, kwa sababu anaandika vizuri. Binamu yake anaolewa, kamati nayo ikamfanya katibu, kwa sababu ni katibu wa kwaya. Na katikati ya hayo yote anauza vitenge kwa simu. Nilipomwuliza kwa nini hakukataa hata kimoja, alinitazama kama nimemwuliza kwa nini hakuruka angani.

Asubuhi ya kwanza nilikuta uwanja umefagiliwa, vyombo vinang'aa, ndoo zimejaa, na yeye anaulizia nguo za Lameck azifue. Nilifurahi, nidanganye nini. Lameck ndiye aliyetikisa kichwa, na Lameck si mtu wa kusema ovyo. Akasema huyu mtoto hapumziki, amehama ofisi tu. Nikamwambia anywe chai yake, inapoa.

Basi nikampeleka dunguni. Nikamwonyesha kombeo la kurushia mabonge ya udongo, na kamba yenye makopo inayopita katikati ya shamba, ukiivuta inapiga kelele mpaka upande wa korongo. Nikamwambia kazi yenyewe ni kukaa. Daktari amesema ukae, basi kaa hapa juu, unakaa na unanisaidia. Niliona nimepanga jambo la akili sana.

Nikamkumbusha pia sheria ya mama yetu, Mungu amrehemu, ambayo ukoo wetu wote unaijua. Kwa mama yetu, mtu akiwa dunguni hasalimiwi, haitwi, wala hatumwi. Salamu zetu Wagogo unazijua. Ukishaambiwa mbukwenyi, utaulizwa nyumba, watoto, ng'ombe, mbuzi, mvua ya upande wenu, na ukimaliza kujibu ndege nao wamemaliza shamba. Hata mchungaji alikuwa akipita chini ya dungu la mama kimya. Uji ulikuwa unawekwa chini ya ngazi na aliyeuleta anaondoka. Sisi watoto tukimtafuta mtu tukiambiwa yuko dunguni, maswali yamekwisha. Yudith akatabasamu kidogo, akasema hata wao bibi aliwafundisha hivyo walipokuwa wanakuja likizo, yeye na Abeli. Lilikuwa tabasamu la kwanza tangu afike.

Lakini kupiga kelele, jamani, mtoto wa mjini! Ndege wakishuka yeye anasema shii, shii, kama anafukuza paka wa jirani anayeheshimika. Nilimcheka mpaka goti likauma. Nikamwambia fungua kifua, huku hakuna bosi, hakuna mwenye nyumba, hao ni wezi na unawaonea aibu. Akajaribu, sauti ikatoka nusu, ikarudi. Nikaona kweli huyu mtu amezoea kuomba radhi hata kwa hewa anayovuta.

Nilichosahau ni mtandao. Nyumbani kwetu simu haishiki kabisa, tuko bondeni, lakini pale juu ya dungu, kwa urefu ule tu, inashika vizuri kuliko mjini. Yudith aligundua, na mjini nako wakagundua kwamba amegundua. Nikawa nikitazama kutoka nyumbani namwona dunguni amejipinda, mkono sikioni. Nilifikiri anamsalimia mama yake. Sikutaka kumfuatafuata mtu mzima.

Asubuhi moja nikawa napeleka uji. Kabla sijafika niliisikia ile sauti, kama mvua inayokuja mbali, ila mbingu ilikuwa safi. Ukiwa mkulima wa uwele sauti ile unaijua, ni mabawa. Nikatupa kibuyu cha uji, nikakimbia na goti langu bovu, napiga ukelele, navua kitenge nakipunga. Upande wote wa korongo ulikuwa mweusi. Waliruka wote pamoja, jua likapotea kidogo, halafu likarudi, na mabua yalikuwa yamesimama wima, mepesi, hayana kitu kichwani. Nilishika suke moja, likawa limebaki makapi.

Nikatazama dunguni. Yudith alikuwa ameligeuzia shamba mgongo, simu sikioni, simu nyingine mkononi, anamsomea mtu namba. Kumbe ni Abeli, usajili wake wa chuo umekwama kwenye mtandao, na tangu jua linachomoza dada mtu anamwelekeza bonyeza hapa, bonyeza pale. Kwa jinsi alivyokuwa amezama, kelele zangu hazikumfikia. Alipogeuka akaniona nimesimama kati ya mabua, kichwa wazi, kitenge mkononi, simu ilimdondoka.

Nilikuwa nimejaza kinywa. Nilikuwa na hasira ya kumtosha yeye, mama yake na ukoo wa baba yake wote, na mdomo wangu hauna breki. Ila alishuka ngazi haraka mpaka akateleza, akaiokota simu, akaja kupiga magoti mbele yangu kwenye tuta, na akaanza yeye.

"Mama mdogo, nisamehe. Mshahara ukitoka nitakununulia mahindi. Na nitakuwa nakuja kila Jumamosi mpaka mvune. Na hilo goti, nitakupeleka hospitali Dodoma, nitakutafutia daktari, nitakupangia siku na mama, niwapeleke pamoja."

Alikuwa anasema haraka haraka, macho makavu, vidole vinahesabu. Nami nikawa nasikiliza jinsi anavyonipanga. Ananiweka kwenye foleni, nyuma ya mama yake, nyuma ya Abeli, nyuma ya kwaya na vitenge. Ameangushwa na mizigo, na dawa anayoijua ni kuongeza mwingine, na mwingine huo ni mimi. Uwele wangu ulikuwa umeliwa, ndiyo, na roho iliniuma. Lakini niliogopa zaidi kile nilichokuwa nakitazama, mtoto wa dada yangu anajimaliza mbele ya macho yangu, tena kwa adabu.

Nikamwuliza ni nani aliyemwambia aniongeze na mimi. Hakunielewa. Na kabla hajajibu simu ikaita, mtandao mbovu wa huku nao ukachagua saa ile kushika mpaka chini. Abeli. Mkono wake ulikwenda wenyewe kupokea. Nikamnyang'anya.

"Abeli," nikasema, "dada yako yuko dunguni."

Nilitegemea abishe. Kijana wa chuo, usajili unafungwa, hana subira. Lakini sheria ya bibi yake anaijua. Akasema, "Samahani, mama mdogo," na akakata. Mama yangu yuko kaburini miaka mingi na bado neno lake lilikuwa na nguvu.

Yudith alikuwa ananitazama kwa mdomo wazi. Akauliza kama Abeli amekubali. Nikamwambia amekubali. Akauliza kama hakuuliza mpaka saa ngapi. Nikamwambia hakuuliza. Alikaa kwenye tuta kama mtu aliyekatwa kamba, akaegemea nguzo ya dungu, na nilipomaliza kujifunga kitenge changu alikuwa ameshalala. Amelala kweli, mate yanamtoka, inzi wanatembea usoni hana habari. Nikawafukuza wale inzi, nikamfunika na khanga, halafu nikapanda dungu mwenyewe, nikikitukana kila kipandio cha ngazi.

Kuanzia siku hiyo simu zote mbili zilikaa kifuani kwangu, kwenye fundo la kitenge. Siku mtandao ukifika mpaka chini, zilikuwa zikiita ninapopita chini ya dungu. Wa ukoo wakisikia yuko dunguni walinyamaza. Wasio wa ukoo walitaka maelezo, nikawapa, na waliopewa hawakupiga tena. Mwenyekiti wa kwaya aliniambia kwamba bila Yudith mambo yamesimama, nikamwuliza kama wanaimba kwa mdomo au kwa katibu. Abeli alikwenda mwenyewe kwenye ofisi za chuo, akapanga foleni kama wenzake. Penina alipelekwa kliniki na jirani. Alilalamika, ndiyo, Penina hajaacha kulalamika tangu tukiwa wadogo, lakini alifika na akarudi.

Yudith mwanzoni aliteseka. Mkono ulikuwa unaenda mfukoni kutafuta kisichokuwepo. Aliniomba niangalie tu kama kuna la dharura, nikamwambia la dharura liko mbele yako, lina mabawa. Akakaa. Siku zikaenda, akaanza kuwaona ndege kabla hawajavuka korongo. Akaanza kula, mlenda na ugali wa uwele wa mwaka jana, sahani mpaka inang'aa. Mchana, ndege wakiwa wamejificha jua, alilala chini ya dungu na sikumwamsha hata kuchuma mboga.

Kelele ndizo zilizochelewa. Mpaka jioni moja nikiwa napeleka uji nikamsikia. Kwanza alikuwa anawapigia ndege ukelele wa kawaida, nikasema angalau sasa anafaa. Kisha ukelele ukapata maneno. Alikuwa anawaambia hataki. Anawaambia amechoka, waondoke, wamwache, hana tena, wamekula vyote, hana tena. Ndege walishaondoka zamani na yeye bado anawaambia. Sauti ilikatika, ikawa kilio cha mtu mzima, kile cha kutoka tumboni ambacho hukisikii ila msibani.

Mimi ni mtu wa kupanda na kukumbatia. Mguu ulishafika kwenye kipandio cha kwanza. Nikakumbuka mtu wa dunguni haitwi. Nilisimama pale nimeshika ngazi, machozi yananitoka, nikaona sheria ya mama ilikuwa ngumu kuliko nilivyofikiri utotoni. Nikauweka uji chini, nikaenda kukaa mbali kidogo penye mabua yaliyoliwa, nikamngoja. Giza lilipotaka kuingia alishuka, akaunywa uji wote, tukarudi nyumbani. Njiani alinishika mkono kwa ajili ya goti langu. Nilimwacha anishike.

Likizo ikaisha, akaondoka akiwa na mashavu. Aliyebaki na uwele ni mimi, pungufu ya upande wa korongo, lakini upo. Penina akawa ananiletea habari kwa simu siku nikienda sokoni, na zote kwake zilikuwa malalamiko. Yudith ameacha ukatibu wa kwaya, watu wanasema amejaa kiburi. Ule wa kamati ya harusi nao amekabidhi. Diploma ameahirisha mwaka. Abeli sasa anafanya kazi ya kubeba vyombo kwenye sherehe siku za Jumamosi, mtoto wa chuo. Nikamwuliza kuhusu kazini. Akasema kazini bosi amemsifu. Nikamwambia basi alie taratibu.

Nilijiona nimefanya jambo kubwa. Nilikuwa nawasimulia wanawake kanisani jinsi nilivyomponya mtoto wa dada yangu kwa dungu, nikiongeza chumvi hapa na pale.

Kisha ukafika wakati wa kupura. Masuke tulishayakata, yamerundikwa uwanjani, na watu niliowategemea kuja kutusaidia walipata msiba Kongwa, wakaondoka wote. Goti lilikuwa limevimba. Nikamfikiria Yudith. Jumamosi na Jumapili tu, nikasema, siku mbili kwa mama yake mdogo, na si alishasema mwenyewe kwamba atakuwa anakuja? Nyumbani simu haishiki, kwa hiyo nilikwenda mpaka shambani, nikapanda lile dungu tupu, kipandio kwa kipandio, nikapiga.

Alipokea haraka. Sauti yake ilikuwa nzito, ya mtu aliyekuwa amelala, mchana kweupe. Nikamsalimia, nikamweleza msiba, goti, masuke yaliyorundikana. Sikumlaumu kwa upande wa korongo, ila niliutaja, kidogo. Nikamwambia mwanangu, ni siku mbili tu.

Akanyamaza. Kile kimya nilikijua. Ni pale ambapo zamani alikuwa anasema sawa, mama mdogo. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria atapanda basi la saa ngapi.

"Mama mdogo," akasema, "niko dunguni."

Hasira zilinipanda mpaka kisogoni. Mimi! Mimi niliyemfundisha, niliyemfunika khanga yangu, niliyepoteza uwele wangu, ananiambia mimi? Nilifungua kinywa, na kilikuwa kimejaa. Nilitaka kumwuliza yuko kwenye dungu gani, kwenye kitanda cha Nkuhungu, anaamia ndege gani. Nikamsikia anavyopumua. Alikuwa anaogopa. Alikuwa anangoja nimseme, na alikuwa hajakata.

Nikakata mimi. Sikuaga, sikumwambia sawa, sikumwambia neno lolote. Nilikaa pale juu nikilitazama shamba lililovunwa, nimekasirika na nimefurahi, sijui kipi kilikuwa kingi, na nililia kidogo kwa sababu hapakuwa na wa kuniona. Kisha nikashuka taratibu.

Lameck alikuwa uwanjani, amekwisha kunikatia fimbo ya kupuria. Akauliza kama mtoto anakuja. Nikamwambia yuko dunguni. Lameck akanipa fimbo, akachukua yake, tukaanza kupura.